Kibao Kinamsemesha Nani? Makumbusho na Alama za Miji Mitano ya Ulaya

Ubavuni mwa Jiwe la Rosetta, katika jumba la British Museum mjini London, kuna maandishi ya rangi nyeupe ambayo watu wengi huondoka bila kuyaona. Umati husongamana mbele ya kabati la kioo, simu zikiwa zimeinuliwa juu ya vichwa, ili kuupiga picha uso wa jiwe wenye maandishi ya aina tatu, yaani hiroglifu, demotiki (mwandiko wa kila siku wa Wamisri wa kale) na Kigiriki. Lakini anayezunguka hadi pembeni, akainama kidogo na kusogeza kichwa ili mng'ao wa taa usimzibe, atasoma kwa Kiingereza kwamba jiwe hilo lilitekwa Misri na jeshi la Uingereza mwaka 1801, na upande wa pili atasoma kwamba lilitolewa na Mfalme George wa Tatu. Jambo lililonisimamisha pale ni kwamba jiwe lenyewe lilikuwa tangazo tangu siku lilipochongwa. Ni amri ya makuhani ya mwaka 196 kabla ya Kristo, nayo iliandikwa kwa namna tatu kwa makusudi, ili kila kundi la wasomaji wa nchi ile lipate sehemu yake. Waliokuja baadaye waliongeza maandishi ya nne kwa lugha yao wenyewe, wakijisomea wao kwa wao.

Nilikuwa nimepanga kuandika tathmini ya kawaida ya safari ya wiki tatu: jumba lipi lina hazina gani, foleni ni ndefu kiasi gani, kahawa inanyweka au hainyweki. Tangu asubuhi ile, hata hivyo, nilijikuta nikisoma vibao kwa makini zaidi kuliko nilivyovitazama vitu vyenyewe, na kila nilikofika niliuliza swali lilelile: aliyeandika maneno haya alikuwa akimfikiria nani? Tathmini hii basi inahusu maandishi, mishale, rangi na ramani, ndani ya makumbusho na nje barabarani, kwa kuwa mgeni hayatenganishi mambo hayo mawili. Aliyepotea kituoni hufika makumbusho akiwa amechoka, na aliyechoka hasomi kitu.

London ni mji ulioanza mapema kulichukulia suala hili kwa uzito. Herufi za treni za chini ya ardhi zilichorwa na Edward Johnston na kuanza kutumika mwaka 1916, kwa agizo la Frank Pick, aliyetaka maandishi ya vituo yasichanganyike na mabango ya wafanyabiashara yaliyojaa kutani. Herufi hizo zimerekebishwa hapa na pale, lakini bado ndizo zinazomsomea abiria wa leo jina la kituo chake, na mwenye jicho pevu atatambua kwamba nukta ya juu ya herufi i si duara bali ina umbo la almasi. Ramani maarufu ya njia za treni ni kazi ya Harry Beck, mchoraji wa michoro ya umeme, aliyeichora mwaka 1931 na kukataliwa kwanza kabla ya ramani hiyo kuchapishwa kwa umma mwaka 1933. Beck alielewa kwamba mtu aliye chini ya ardhi hana haja ya kujua barabara inapinda wapi. Anachotaka kujua ni ashuke wapi na abadilishe treni wapi. Akazinyoosha njia zote zikawa za wima, za mlalo au za mshazari wa nyuzi 45.

Ramani hiyo husema uongo, ingawa kwa adabu. Kati ya kituo cha Leicester Square na kile cha Covent Garden pana mita 260 hivi tu, lakini mchoro huvitenganisha kana kwamba ni mwendo wa haja, na hivyo kila siku wageni hulipa nauli, huteremka chini, husubiri treni, kisha hupanda lifti au ngazi 193 za Covent Garden, kwa safari ambayo kwa miguu isingemaliza dakika tano. Dawa ya uongo huo imewekwa barabarani. Mfumo wa vibao vya waenda kwa miguu uitwao Legible London, ambao ulianza kwa majaribio mwaka 2007, umesimamisha nguzo pana za rangi ya buluu iliyoiva zenye utepe wa njano juu, na kila nguzo ina ramani iliyogeuzwa kulingana na upande anaotazama msomaji. Kilicho mbele yako kiko juu ya ramani, hata kama kaskazini iko mgongoni. Duara limechorwa kuonyesha mwendo wa dakika tano. Nilimwona bibi mmoja mwenye mkongojo akiweka kidole kwenye duara hilo, akapima, akatikisa kichwa, akaenda kukaa kwenye benchi kungoja basi. Kibao kilikuwa kimempa taarifa aliyoihitaji kuamua, na kikamwachia uamuzi.

Ndani ya makumbusho ya London mambo hayalingani hivyo. Kuingia British Museum ni bure kwa maonyesho ya kudumu, na hilo pekee ni tamko la ukarimu ambalo miji mingi mingine haijalitoa. Lakini sehemu ya Afrika iko chini, katika ghorofa iliyo chini ya ardhi, na msafiri asiyeitafuta anaweza kutembea siku nzima chini ya paa la kioo la msanifu Norman Foster bila kujua kwamba ipo. Huko chini kuna vibao vya shaba vya ufalme wa Benin, uliokuwa katika Nigeria ya leo, ambavyo majeshi ya Uingereza yaliviteka mwaka 1897. Vimefungwa kwenye vyuma vya wima, safu juu ya safu, na kwa mbali vinaonekana kama vinaelea. Mpangilio huo ni mzuri mno kwa macho. Hata hivyo ni vigumu kusahau kwamba vitu hivi vilikuwa vimepigiliwa kwenye nguzo za ikulu ya Oba, yaani mfalme, vikieleza nani alikuwa nani katika ufalme ule, kwa mpangilio ambao wenyewe waliuelewa. Navyo vilikuwa vibao vya maelezo. Leo vinahitaji kadi ndogo ya kuvieleza.

Kuhusu jumba la Victoria and Albert nitasema machache, kwa sababu pale usanifu ndio bidhaa yenyewe na jumba linajua kazi yake. Ukumbi wa nakala za plasta, uliofunguliwa mwaka 1873, una nakala ya Nguzo ya Trajan, mnara wa kaisari wa Roma, iliyokatwa vipande viwili kwa sababu paa halikuweza kuipokea nzima, na sijaona popote pengine tatizo la nafasi lililotatuliwa kwa ujasiri kama huo.

Paris ilinifundisha kusoma barabara kabla ya kusoma makumbusho. Vibao vya mitaa ni vya buluu vyenye ukingo wa kijani na herufi nyeupe, na juu ya jina huandikwa namba ya wilaya. Wilaya hizo 20 zimepangwa tangu mwaka 1860 kama gamba la konokono, zikianzia katikati na kuzunguka kuelekea nje. Namba za nyumba nazo zina siri yake, iliyowekwa mwaka 1805: katika barabara inayouacha mto Seine, namba huanzia upande wa mtoni, na katika barabara inayokwenda sambamba na mto, namba hufuata mkondo wa maji. Namba shufwa ziko kulia, witiri kushoto. Mwenye kujua kanuni hiyo hawezi kupotea kabisa, kwa kuwa kila mlango unamwambia mto uko wapi. Ubaya wake ni kwamba hakuna kibao kinachoieleza. Mimi niliijua kwa kuwa niliisoma kabla ya kusafiri, na nina hakika maelfu ya wageni hupita chini ya msaada huo kila siku wakiinamia simu zao.

Jengo la Centre Pompidou, kazi ya Renzo Piano na Richard Rogers iliyofunguliwa mwaka 1977, limefungwa kwa ukarabati unaotarajiwa kuendelea hadi mwaka 2030, kwa hiyo nililitazama kwa nje tu. Hata hivyo ni jengo linalojieleza bila kibao hata kimoja: mabomba ya buluu ni ya hewa, ya kijani ni ya maji, ya njano ni ya umeme, na nyekundu ni ya mwendo wa watu, yaani ngazi na lifti. Watoto wawili waliokuwa uwanjani walikuwa wakibishana juu ya bomba lipi linapeleka nini, na nadhani hiyo ndiyo sifa kubwa zaidi ambayo msanifu wa majengo angeweza kuiomba.

Louvre ni habari nyingine. Piramidi ya kioo ya I. M. Pei, iliyofunguliwa mwaka 1989, iliwapa watu mlango mmoja badala ya milango mingi ya kasri la zamani, na chini yake barabara hugawanyika kwenda pande tatu zilizopewa majina ya Denon, Sully na Richelieu. Majina hayo ni ya heshima, lakini hayamwambii mgeni chochote juu ya kilichomo. Ni sawa na kumwelekeza mtu sokoni kwa kumtajia majina ya mababu wa wauzaji. Mishale inayofuatwa na wengi ni ile yenye picha ya Mona Lisa, mchoro wa sentimita 77 kwa 53, nayo huwakokota watu mbele ya kazi kubwa kubwa za Italia bila kuwaacha wageuze shingo. Nashauri uende kinyume cha mishale hiyo. Nashauri pia ukumbuke kwamba Louvre hufungwa Jumanne na Musée d'Orsay Jumatatu, taarifa ambayo watu wengi huipata wakiwa wamesimama mbele ya mlango uliofungwa.

Jumba la quai Branly, lililojengwa na Jean Nouvel na kufunguliwa mwaka 2006, limewekewa mwanga hafifu na njia zinazojipinda, na sikulipenda. Najua kwamba nguo na manyoya huharibika yakipigwa na mwanga mkali, na siilaumu taa peke yake. Lakini giza likijumlishwa na kuta za kahawia na mapindo yasiyoonyesha mwisho, mgeni huambiwa kimyakimya kwamba anaingia msituni, na kwamba vitu vya Afrika, Asia, Oseania na Amerika vyote ni vya dunia moja ya mafumbo. Nilipofika kwenye sehemu ya Afrika nilikuwa nakumbuka kwamba vitu 26 vya ufalme wa Dahomey viliondoka humu mwaka 2021 kurudishwa katika nchi ya Benin, na nikawaza kwamba huenda huko vimewekwa mahali penye mwanga.

Hapa niruhusiwe kuingiza malalamiko ambayo si ya mji mmoja. Katika jumba moja la safari hii, ambalo sitalitaja, nilipanga foleni kwa dakika arobaini nikiwa na mkoba mgongoni, na kibao kinachokataza mikoba ya ukubwa ule kilikuwa kimebandikwa baada ya mkaguzi wa tiketi, yaani mahali ambapo hakingeweza kumsaidia mtu yeyote. Makabati ya kuhifadhia mizigo yalikuwa nje, yalihitaji sarafu ya euro moja, na maelezo yake yalikuwa kwa lugha ya nchi ile tu. Nilipoingia hatimaye, nilikuta kadi za maelezo zikiwa na herufi za kijivu juu ya ukuta wa kijivu, tena usawa wa magoti, pengine kwa kuwa mbunifu aliona ukuta mtupu unapendeza zaidi. Mzee mmoja alikuwa amepiga goti mbele ya kabati akimsomea mkewe, na kila alipomaliza kadi moja ilimbidi ashike ukingo wa kabati ili ainuke. Mahali pengine katika jumba hilohilo vitu vilikuwa na namba tu, na orodha ya namba ilikuwa upande wa pili wa chumba. Ukishajua kwamba namba 14 ni kijiko, unarudi kukitazama kijiko, halafu umesahau namba 15 ilikuwa nini. Hakuna anayefanya hivyo kwa ubaya. Hufanyika kwa sababu aliyechora chumba alikuwa akifikiria picha ya chumba kikiwa hakina mtu ndani yake.

Amsterdam huanza uwanjani Schiphol, na uwanja huo ningeupa alama za juu kuliko nusu ya makumbusho niliyoyaona. Mpango wa vibao vyake vya njano ulianzishwa na Benno Wissing mwaka 1967 na umeendelezwa tangu wakati huo bila kupotezwa. Kibao cha njano chenye herufi nyeusi hukupeleka kwenye ndege au nje. Rangi zikibadilishana nafasi, kimekuwa kibao cha huduma kama chakula na vyoo. Huhitaji kulijua neno lolote la Kiholanzi ili kuelewa kwamba kufuata njano ni kusonga mbele. Na katika vyoo vya wanaume, ndani ya beseni, umechorwa mchoro mdogo wa nzi karibu na tundu la maji. Ni alama isiyo na neno wala mshale, haiamrishi wala haikatazi, na bado wanaume huilenga na sakafu hubaki kavu. Sikuwahi kudhani nitasifu choo katika tathmini ya makumbusho.

Rijksmuseum lenyewe, jengo la Pierre Cuypers la mwaka 1885, lilifunguliwa upya mwaka 2013 baada ya ukarabati wa miaka kumi, na baiskeli bado zinapita katikati yake, chini ya matao, kwa kuwa waendesha baiskeli wa mji huo walikataa katakata kunyang'anywa njia yao. Lakini kilichonivutia zaidi ni kazi iliyofanyika kwenye kadi. Kuanzia mwaka 2015 jumba hilo lilianza kuyapitia majina na maelezo ya kazi zake na kuyaondoa maneno ya dharau yaliyorithiwa kutoka enzi za ukoloni. Mchoro wa Simon Maris wa msichana mweusi aliyevaa nguo nyeupe ulikuwa ukitambulishwa kwa neno la rangi ya ngozi yake, neno ambalo leo ni tusi. Ukabadilishwa jina ukawa wa msichana aliyeshika upepeo. Wapo waliosema kwamba huko ni kuifuta historia. Mimi nadhani wamekosea, kwa sababu jina la awali mara nyingi halikutoka kwa mchoraji bali kwa karani wa jumba, na karani mwingine ana haki ya kuandika vizuri zaidi. Ukisimama mbele ya mchoro ule ukiwa na jina jipya kichwani, jambo la kwanza unaloliona ni upepeo, kisha vidole vinavyoushika, kisha uso. Kadi imeyaelekeza macho mahali pengine.

Berlin ndiyo iliyonichukua siku nyingi zaidi, na si kwa sababu ni rahisi kusomeka. Katika mitaa yake ya zamani namba za nyumba hupanda upande mmoja hadi mwisho, kisha hurudi upande wa pili kama kiatu cha farasi, kwa hiyo namba 20 yaweza kutazamana na namba 230. Kurfürstendamm, barabara kubwa ya maduka, huanza na namba 11 kwa kuwa kipande chake cha mwanzo kilipewa jina lingine. Mji huo hulipa fidia ya usumbufu huo kwa kuandika kwenye kona, pamoja na jina la mtaa, namba za nyumba zilizomo kati ya kona hiyo na inayofuata. Na kwenye vivuko vya waenda kwa miguu yupo mtu mdogo mwenye kofia aliyebuniwa na mwanasaikolojia wa usalama barabarani Karl Peglau mwaka 1961, upande wa Mashariki: akiwa mwekundu amenyoosha mikono miwili kama anayeziba njia, akiwa wa kijani anatembea kwa haraka. Baada ya Ujerumani kuungana ilitakiwa aondolewe, wananchi wakamtetea, na leo anaonekana hata upande wa Magharibi.

Jumba la Kiyahudi la Berlin, kazi ya Daniel Libeskind iliyofunguliwa mwaka 2001, halina mlango wake wa barabarani. Unaingia kupitia jengo la jirani la karne ya 18, unashuka chini ya ardhi, na unakuta njia tatu zenye sakafu iliyoinama kidogo, kiasi cha kukufanya uhisi kwamba mwili wako ndio wenye kasoro. Katika chumba kirefu kisicho na paa la karibu, sakafu imefunikwa kwa nyuso zaidi ya 10,000 zilizokatwa kwenye vyuma na Menashe Kadishman, na mgeni anaruhusiwa kuzikanyaga. Hakuna kibao kinachokuambia ujisikieje. Unapiga hatua, chuma kinalia, unasimama. Nilipotoka nje niliendelea kutembea nikitazama chini, na ndipo nilipoyaona mawe ya msanii Gunter Demnig, vibao vya shaba vya sentimita kumi kwa kumi vilivyopachikwa kwenye njia za miguu mbele ya nyumba walimoishi watu waliofukuzwa au kuuawa na Wanazi. Kwa kawaida kila kimoja huanza na maneno ya Kijerumani yenye maana ya "hapa aliishi", kisha jina, mwaka wa kuzaliwa, na mwisho wake. Kufikia mwaka 2023 vilikuwa vimezidi 100,000 katika Ulaya nzima. Ili kusoma lazima uiname, na hapa kuinama si kosa la mbunifu kama kule kwenye kadi za kijivu. Ndilo kusudi lenyewe.

Katika Museum für Naturkunde, makumbusho ya viumbe ya Berlin, nilikwenda kumwona dinosaria mmoja. Kiunzi chake kina urefu wa mita 13.27 kwenda juu, na ndicho kiunzi cha dinosaria chenye kimo kikubwa zaidi kilichosimamishwa duniani. Mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, nyuma ya bandari ya Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, miaka miwili tu baada ya Vita vya Maji Maji kumalizika katika eneo hilohilo la kusini. Mamia ya watu walichimba, na wapagazi walibeba vichwani na mabegani, siku kadhaa kwa miguu hadi pwani, mzigo ambao kwa jumla ulizidi tani 200. Jina la kitaalamu la mnyama huyo ni Giraffatitan brancai, na neno la pili linamheshimu Wilhelm von Branca, aliyekuwa mkurugenzi wa makumbusho ya Berlin wakati huo. Msimamizi Mwafrika wa machimbo, Boheti bin Amrani, hakuingia katika jina hilo. Nilisimama chini ya mbavu zile nikihesabu ni mifupa mingapi mtu mmoja angeweza kuibeba, na kundi la watoto wa shule lilipita likimwita mnyama kwa jina hilo la Kilatini bila kukosea hata herufi moja.

Siku iliyofuata nilipanda treni ya U6 hadi kituo cha Afrikanische Straße, katika mtaa wa Wedding, ambako barabara zina majina kama Togostraße, Ugandastraße na Sansibarstraße. Ni kitongoji cha makazi ya kawaida, chenye miti, baiskeli zilizofungwa kwenye nguzo, na mtu anayetembeza mbwa. Iliyokuwa Petersallee, barabara iliyopewa mwaka 1939 jina la Carl Peters, mkoloni Mjerumani wa Afrika Mashariki, iligawanywa vipande viwili mwezi Agosti 2024. Kimoja kinaitwa Anna-Mungunda-Allee, kwa heshima ya mwanamke wa Namibia. Cha pili kinaitwa Maji-Maji-Allee. Kibao ni cha kawaida kabisa, cheupe chenye herufi nyeusi, sawa na vibao vingine vyote vya Berlin, na nadhani ukawaida huo ndio uliokuwa na nguvu. Mama mmoja aliyekuwa akisukuma mkokoteni wa mtoto aliniona nimekitazama kwa muda mrefu, akadhani nimepotea, akaniuliza natafuta nini. Nilimwambia kwamba nimeshakiona.

Nimeacha Tervuren mwisho, ingawa si mji mkubwa bali ni kitongoji kilicho pembeni mwa Brussels, kwa kuwa huko ndiko swali langu liliponirudia mwenyewe. Tramu namba 44 hutoka Montgomery na kupita kando ya msitu wa Sonian, safari nzuri kuliko zote nilizofanya, hadi karibu na Makumbusho ya Afrika. Jengo la zamani, lililosanifiwa na Charles Girault na kufunguliwa mwaka 1910, lilijengwa ili kuitukuza Congo ya Mfalme Leopold wa Pili. Lilifunguliwa upya Desemba 2018 baada ya miaka mitano ya ukarabati. Sasa mgeni huingia kupitia banda jipya la kioo, hushuka, hupita katika ukumbi mrefu mweupe wa chini ya ardhi, kisha huibukia ndani ya jumba la kale. Wazo hilo la kumtenga mgeni na fahari ya mlango wa zamani ni la busara, ingawa ukumbi ni mrefu kiasi kwamba niliwasikia watu wakiulizana kama wamekosea njia.

Tatizo kubwa la jumba hili haliwezi kuhamishwa. Katika ukumbi wa duara zimo sanamu za dhahabu zinazoionyesha Ubelgiji kama mama mwema anayewaletea Waafrika ustaarabu, na kwa kuwa jengo linalindwa na sheria ya urithi, sanamu haziwezi kuondolewa. Wasanii Aimé Mpane na Jean-Pierre Müller walipata jibu: vitambaa vyepesi vinavyoonyesha upande wa pili, vilivyochapwa picha, vikaning'inizwa mbele ya sanamu, kiasi kwamba unaziona zote mbili kwa pamoja na picha moja inaisuta nyingine. Ni maelezo bora kuliko kadi yoyote. Sanamu nyingine zilizopitwa na wakati, ikiwemo ile maarufu ya mtu aliyevaa ngozi ya chui, zimekusanywa katika chumba kimoja chini, zikiwa zimesongamana kama vyombo vya nyumba iliyohamwa. Dosari ninayoiona iko kwenye maandishi. Vibao vikuu viko kwa Kiholanzi, Kifaransa, Kijerumani na Kiingereza. Congo ina lugha nne za taifa, nazo ni Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba, na katika vibao nilivyovisoma sikuiona hata moja ikipewa kazi ya kueleza kitu.

Kisha kuna ukumbi wa kumbukumbu. Upande mmoja wa ukuta yameandikwa majina ya Wabelgiji 1,508 waliofia Congo kati ya mwaka 1876 na 1908, safu kwa safu, kama ilivyokuwa tangu zamani. Ukuta huo nao haukuguswa. Msanii wa Congo Freddy Tsimba aliandika kwenye vioo vya madirisha yanayoutazama majina ya Wakongo waliofia Ubelgiji, wakiwemo saba walioletwa mwaka 1897 kuonyeshwa kwa umma katika maonyesho ya mfalme hapahapa Tervuren: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Jua likiwaka, vivuli vya majina hayo huangukia juu ya majina ya ukutani.

Siku yangu ilikuwa ya mawingu. Nilikaa kwenye benchi nikitazama ukuta wa majina ya Wabelgiji ukiwa hauna vivuli, nikaangalia saa, nikaanza kukusanya vitu vyangu. Mama mmoja wa makamo aliyekuwa amekaa upande wa pili, mgeni kama mimi, alinisikia nikinong'ona peke yangu, akaniambia kwa Kiswahili cha Congo, "Ngoja kidogo, baba, jua itatoka." Tukangoja. Ilipokaribia saa tisa wingu lilisogea, na doa la mwanga likaanza kupanda polepole kutoka sakafuni. Herufi za kwanza zilikuwa hafifu na zilizopinda, kisha zikakolea, zikavuka jina la luteni mmoja na la mwenzake wa chini yake. Mama yule alisimama akasoma kwa sauti, jina moja moja, hadi wingu jingine lilipokuja.